Harambee ni ya Siku Moja, Ngwatio ni ya Kila Siku

(Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Kenol, katika maadhimisho ya Siku ya Wagonjwa Duniani)



 Najua kila mmoja ameacha kazi nyumbani, kwa hiyo sitawaweka sana.

Nimeombwa niseme juu ya wagonjwa kwa sababu tarehe 11 Februari ni siku yao. Papa Yohane Paulo wa Pili aliiweka mwaka 1992, na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993. Siku hiyo wagonjwa hupakwa mafuta, huombewa, nasi tunawapelekea unga na sukari. Ni jambo zuri. Lakini hebu tuulizane: tarehe 12 Februari mgonjwa yuko na nani?

Wacha niwaeleze jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa namtembelea mama mmoja katika kijiji kisicho mbali na hapa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda mguuni. Alipolazwa, kikundi chake hakikulala. Harambee ilifanywa, bili ikalipwa, mama akarudishwa nyumbani kwa matatu tukiimba njia nzima.

Miezi minne baadaye nilipita kwake nikamkuta peke yake. Alikuwa anameza dawa siku moja na kuruka siku mbili, ili zimfikishe mbali. Kliniki alikuwa amekosa mara mbili kwa sababu ya nauli. Kidonda kilikuwa kimerudi. Nikamwuliza, "Mama, mbona hukuwaambia wenzako wa kikundi?" Akaniangalia, akasema, "Walinichangia tayari. Nitaanzaje kuwaambia tena?"

Mguu huo ulikatwa.

Nami sina haki ya kukinyoshea kikundi kidole. Tangu siku ya harambee sikuwa nimefika kwake. Katika daftari langu la kazi, mbele ya jina lake, nilikuwa nimeandika neno moja: "Imekamilika."

Ugonjwa wa kukaa nao

Ndugu zangu, kosa letu halikuwa ukosefu wa huruma. Kosa letu lilikuwa kutojua aina ya ugonjwa tuliokuwa nao. Kuna ugonjwa wa kupita, kama malaria au nimonia. Unakuja, unatibiwa, unakwenda. Na kuna ugonjwa wa kukaa nao: sukari, presha, kifafa, virusi vya ukimwi, figo, na kansa nyingi siku hizi. Huo ni mgeni aliyeingia na sanduku lake. Mtu ataamka nao kesho, na mwaka ujao, pengine maisha yake yote.

Sisi watu wa upande huu tunajua sana harambee. Harambee ni nzuri kwa jambo lenye mwisho: darasa, bili, mazishi. Lakini ugonjwa wa kukaa nao hauna siku ya kufunga hesabu. Harambee ikishatoa, imemaliza, na aliyepewa anaona haya kurudi.

Wazee wetu walikuwa na dawa nyingine ya kazi isiyoisha. Waliiita ngwatio. Leo tunalima kwako, wiki ijayo kwangu, halafu kwa jirani. Hakuna aliyeona haya kuitia watu ngwatio, kwa maana alijua zamu yake ya kulima kwa wengine inakuja. Hakuna mtoaji na mpokeaji. Wote ni wenye jembe. Leo nataka tukubaliane juu ya neno hili moja: mgonjwa wa siku nyingi anahitaji ngwatio kuliko harambee.

Walioanza bila dawa

Jambo hili si ndoto. Jirani zetu wa Uganda walilifanya wakati mgumu sana. Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1986 mume wake, Christopher, aliugua akiwa masomoni Uingereza, ikagunduliwa ni ukimwi. Akafariki Januari 1987. Mwaka huo huo Noerine na wenzake wachache, baadhi yao wakiwa wagonjwa wenyewe, walianzisha kikundi kinachoitwa TASO.

Fikirieni walikuwa na nini. Dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwa zimemfikia mtu wa kawaida. Pesa hazikuwapo. Walikuwa na masikio ya kusikiliza na miguu ya kutembeleana. Mtu aliyefukuzwa na ndugu zake aliketi na mwingine aliyefukuzwa, wakapata kuongea bila kuogopana. Kikundi hicho kidogo kilikua kikawa na vituo sehemu nyingi za Uganda, na dawa zilipofika, ziliwakuta watu wamekwisha kupangana.

Hapa kwetu Kenya ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1984. Ni Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la taifa. Hiyo ni miaka 15 ya kunong'onezana. Mwaka 2006 dawa zikaanza kutolewa bure katika hospitali za serikali, na wengi waliokuwa wakingoja kufa wako nasi leo wanalima na kusomesha wajukuu. Halafu Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake, na wafanyakazi wengi wa kliniki hizo wakapoteza kazi. Wagonjwa walikuja kwetu wakiuliza, "Sasa tutafanya nini?" Somo ni wazi: mfadhili akienda, jirani hubaki. Kwa hiyo jirani awe tayari.

Mwenzako wa ugonjwa anajua nini?

Mtu anaweza kusema, "Daktari yuko, padre yuko, kikundi cha wagonjwa ni cha nini?" Daktari anajua ugonjwa. Mwenzako anajua kuishi nao. Daktari atakuambia upunguze ugali na chai yenye sukari. Mwenzako atakuambia utamjibu nini mama mkwe akikujazia sahani mbele ya watu. Nesi atakuambia uweke insulini mahali penye baridi. Mwenzako asiye na friji atakuonyesha chungu chake: ameweka chupa ndani ya chombo kikavu kilichofungwa, akakitia katika chungu cha udongo kilichozungukwa na mchanga wenye maji, kivulini. Na usiku ule wa kuogopa, mwenzako hakuambii "usiogope." Anakuambia, "Hata mimi niliogopa hivyo, na bado niko."

Tena kuna jambo ambalo mgonjwa hupata hapo na hatalipata kwa harambee yoyote: anapata kuwa mtu wa kusaidia. Aliyezoea kupokea tu huanza kujiona mzigo. Akimfundisha mwenzake, amerudi kushika jembe.

Pembe nne za mkeka

Mnakumbuka katika Injili ya Marko, yule mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne, wakatoboa paa ili wamfikishe mbele ya Yesu. Wanne, kwa sababu mkeka una pembe nne. Mmoja akiachilia, mgonjwa anaanguka. Sasa kila kikundi kilicho hapa kikiwa na mgonjwa wa siku nyingi, kigawane pembe hizi nne.

1. Pembe ya dawa na kliniki. Mtu mmoja aijue tarehe ya kliniki ya mgonjwa, amkumbushe siku mbili kabla. Aulize kila wiki: dawa zimebaki ngapi? Presha haiumi, ndiyo maana watu huacha dawa wakidhani wamepona, halafu siku moja mtu anapooza upande mmoja. Mwenye sukari akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, watu wa nyumbani wajue sukari imeshuka: apewe maji ya sukari au soda upesi akiwa anaweza kumeza. Akiwa amezirai, asitiwe kitu mdomoni; akimbizwe hospitali.

2. Pembe ya pesa ndogo ndogo. Tangu Oktoba 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Kwa mtu asiye na mshahara, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini kwa kawaida anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600. Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Sasa pigeni hesabu nami: shilingi 10 kwa siku, kwa siku 365, ni shilingi 3,650. Kikundi kikiwa na sanduku la shilingi 10, kila mwanachama wa kiwango hicho atakuwa amelipiwa mwaka, na shilingi 50 zimebaki. Wale waliopangiwa zaidi ya hapo waongeze kulingana na kiwango chao. Sanduku la nauli ya kliniki liwe tofauti, lisiguswe kwa mambo mengine.

3. Pembe ya kazi. Mgonjwa aliyetoka hospitali hawezi kupalilia wala kuchuma kahawa. Tusingoje shamba limee magugu ndipo tumhurumie. Na tusimsahau anayemwuguza. Mara nyingi ni binti au mke ambaye hajalala usiku mzima kwa miezi. Kumkalia mgonjwa mchana mmoja ili huyo apumzike au aende kanisani ni sadaka kubwa.

4. Pembe ya sikio. Kuwe na mtu wa kwenda kukaa tu. Haendi na mahubiri wala na habari za jirani aliyekufa na ugonjwa kama huo. Asikilize. Na wagonjwa wenyewe wapewe nafasi ya kukutana peke yao, hata mara moja kwa mwezi. Asiyeweza kutembea apigiwe simu wakati wenzake wamekaa, asikie sauti zao.

Panya watatu wa kikundi

Nimeona vikundi vizuri vikiliwa kutoka ndani, na panya ni watatu.

Wa kwanza ni ulimi. Aliyosema mgonjwa ndani ya kikundi yasionekane sokoni. Siri ikitoka mara moja, hakuna atakayefungua mdomo tena. Na mtu asilazimishwe kutaja ugonjwa wake. Atasema akiwa tayari.

Wa pili ni mwuza dawa. Mahali palipo na wagonjwa wengi, huja mtu na chupa yenye kutibu sukari, presha na kansa kwa pamoja. Muwe na sheria: katika mkutano wa wagonjwa hakuna kuuza dawa, hata kama mwuzaji ni mwanachama. Mwenye kutumia miti shamba amwambie daktari wake, asimfiche.

Wa tatu ni yule anayesema, "Ukiwa na imani, tupa vidonge." Kanisa halijafundisha hivyo. Wamisionari wa Consolata waliofika kwetu walihubiri na pia wakatibu, na hadi leo hospitali ya Consolata iko Mathari, Nyeri. Hata mapadre wetu wenye presha humeza dawa, halafu wanapanda altareni. Sala na dawa hazigombani.

Tuanzie wapi?

Hatuanzi kutoka sifuri. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa kwetu. Jumuiya iko, kikundi kiko, daftari la mahudhurio liko. Mnaongeza ukurasa mmoja tu: majina ya wagonjwa wa siku nyingi waliokubali kuandikwa, na mbele ya kila jina, watu wanne. Ukurasa huo msiandike kamwe "Imekamilika."

Mtaniuliza yule mama yuko wapi. Yuko. Alipopona kidonda, alianza kuwaita wenye sukari wa kijiji chake, wakawa watatu, wakawa saba, sasa ni kumi na mmoja. Kila wakikutana, kabla ya sala na kabla ya chai, wanavua viatu. Yeye huketi kwenye kiti chake, magongo pembeni, na kuangalia mguu wa kila mmoja, chini na katikati ya vidole, kwa maana mguu wa mwenye sukari unaweza kukatika usisikie. Akiona hata lengelenge dogo, mtu huyo haendi nyumbani; anaenda zahanati, na mwenzake anamsindikiza.

Siku moja nilipokuwa hapo aliniambia, "Hawa hawatakatwa kama mimi. Nimekataa."

Nilipomwona ameinama na miguu ya wenzake mikononi, nilikumbuka Alhamisi Kuu. Hiyo ndiyo ngwatio ninayowaombea.

 

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani tuliyemchangia mwaka jana na hatujamtembelea tangu hapo?

2. Kwa mgonjwa huyo, nani atashika kila moja ya pembe nne? Andikeni majina leo.

3. Je, tunaweza kuanza sanduku la shilingi 10? Nani atatunza daftari, na nani atalikagua?

4. Tutafanya nini na mwanachama anayetoa siri?