Kifungua Kinywa



Neno tunalolitafakari asubuhi hii hatukulitoa mbali, kwani liko mezani petu: kifungua kinywa. Limeundwa sawa na kifungua mimba, yaani mtoto wa kwanza. Kitenzi fungua kimezaliwa na funga. Na kwa Kiswahili kufunga ni kuziba, tena ni kujinyima chakula kwa ajili ya Mungu. Hivyo lugha yetu yauona usiku kuwa mfungo mdogo, na chai ya asubuhi kuwa mwisho wake. Waingereza nao waliunda neno lao kwa kuunganisha kuvunja na mfungo. Hata staftahi, tunayoisikia kwa majirani zetu hapa Tanga, yatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufungua.

Kanisa nalo lina historia yake katika jambo hili. Kabla ya mwaka 1953, aliyetaka kukomunika hakula wala hakunywa, hata maji, tangu usiku wa manane. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliufanya mfungo huo kuwa wa muda wa saa tatu, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaupunguza kuwa wa saa moja. Wazee wetu walifika Misani hawajaonja kitu. Mwili wa Bwana ndio uliokuwa kifungua kinywa chao.

Basi, ndugu wapendwa, tujiulize. Mbaazi za nazi na maandazi tutakayoyakuta mezani baada ya Misa yameandaliwa na nani? Katika nyumba nyingi ni binti wa kazi, aamkaye kabla ya wote na kula baada ya wote, tena makombo. Kinywa chake tumekifunga mara mbili: hakili pamoja nasi, wala hakisemi, kwa kuwa akisema atafukuzwa. Tutawezaje kuufungua mdomo wetu kumpokea Bwana, na wa mwenzetu tumeutia kufuli?

Leo tumwite mezani, akae, ale tunachokula. Tumwulize habari za kwao, naye akijibu tumsikilize. Na kama mshahara wake wa mwezi uliopita ungali mikononi mwetu, tumkabidhi kabla chai haijapoa.

Mungu awabariki. Amina.