Mtoto Aliyewekwa Rehani: Maneno Machache Juu ya Riwaya ya Peponi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bagamoyo)



Kamati imenitaka nizungumze juu ya kitabu kimoja kinachomfaa kijana wa mwambao huu. Nimechagua Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022.

Habari ni ya mtoto Yusuf. Ana miaka 12 anapochukuliwa kwao na tajiri Aziz, ambaye amezoeshwa kumhesabu kuwa jamaa. Akifika dukani, kijana Khalil anamfumbua macho: huyu si jamaa yako, baba yako anadaiwa, na wewe ndiwe rehani. Baadaye Yusuf anafuatana na msafara wa biashara kwenda bara. Mji wa pwani katika riwaya hautajwi jina, lakini mtu wa Bagamoyo, mji uliopokea misafara kutoka Ujiji na Tabora, hapotei humo.

Ndugu zangu, ninalotaka mlishike ni hili. Katika riwaya hii mgawanyiko wa nchi hauanzi kwa bunduki. Unaanza katika mazungumzo ya watu wazima, na mtoto yupo, anasikia. Watu wa pwani wanawaita wa bara washenzi. Waislamu wanamdhihaki Kalasinga, Singasinga, kwa dini yake. Naye anajibu kwamba ataifasiri Kurani kwa Kiswahili ili wamjue vizuri Mungu wanayemwabudu. Wanacheka pamoja, ni marafiki, lakini kila mmoja ameshapangiwa daraja lake. Kisha Mjerumani anafika, na watu waliozoea kudharauliana hawana neno moja la kumjibu.

Je, hayo ni ya vitabuni tu? Tazameni historia yetu. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilichora mpaka katika nchi hii bila kuwauliza wenyewe. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ilipokuja kutawala pwani, watu waliinuka, Abushiri bin Salim upande wa Pangani na Bwana Heri kule Saadani. Wajerumani waliviita vita hivyo uasi wa Waarabu, ingawa Waswahili, Wazigua na wengine wengi walipigana humo. Jina hilo lilikuwa na kazi yake: liliwatenga wapiganaji na nchi yao. Na waliotumwa na Wissmann kuvizima walikuwa zaidi askari Waafrika, walioajiriwa Misri na Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Lakini historia hiyo hiyo ina upande wa pili. Vita vilipoufikia mji huu, watu wengi walikimbilia misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwapo tangu 1868, wakapata hifadhi humo. Na Abushiri, Mwislamu aliyekuwa akipigana na Wazungu, hakuishambulia misheni hiyo. Kwa hiyo hakuna aliyelazimishwa na dini yake kumchukia jirani. Watu walichagua.

Yusuf naye anachagua mwishoni, na uchaguzi wake unauma. Askari wa Kijerumani wanapita wakikamata vijana. Yeye amejificha salama, lakini wakishaondoka anatoka, anawakimbilia mwenyewe. Msomaji hupenda kumlaumu. Mimi nauliza: wakubwa waliomlea walimpa nini cha kukipenda, zaidi ya deni?

Vijana, kisomeni, mbishane juu yake. Mnapotaniana kwa kabila au dini bwenini, angalieni ni nani mdogo anayewasikiliza. Nasi wakubwa tujiulize tunasema nini barazani watoto wakiwa wamekaa pembeni. Hao ndio watakaolipa madeni tunayoyaacha.