Hotuba ya mama wa kese kwa kufunga juma la kazi

Ba mama, ba baba, vijana, na ninyi marafiki mnaotutumia msaada toka Lubumbashi na toka mbali zaidi. Nimeombwa niseme namna juma letu lilipita. Nitasema na pale tulijikwaa, juu nikisema uzuri tu, mtakuya kuniuliza kule soko.

Siku ya kwanza na ya pili tulifanya salongo. Tulikata majani kando ya njia ya kisima, tukazibua mifereji. Mvua iko karibu, na hapa Pweto kila mama anajua: mvua inasukuma uchafu wa vyoo mpaka ndani ya maji tunayoteka, na kolera inafuata nyuma. Ziwa Moero iko pale, mto Luvua unatokea pale pale, lakini maji mengi si maji ya kunywa. Vijana walikuya wengi kuliko sisi wakubwa. Hiyo niliandika. Bukari na chisense vilipita, munkoyo pia, hakuna aliyerudi na njaa.

Siku ya tatu njo ilinikamata moyo.

Tulijigawa makundi kwenda kuona wagonjwa na wajane, si wa chama chetu tu, bali wote wa kartie. Kundi langu lilibeba sabuni, unga na dawa ya kusafisha maji. Tuliingia kwa mama mmoja, yeye hakukimbia vita; alibaki hapa. Kijana wetu akatoa simu apige picha ya ripoti. Mama akanirudishia sabuni mkononi. Akasema: "Mdogo wangu, mwaka jana nilizika mtoto, hakuna hata mmoja wenu alifika. Leo munakuya juu ya picha?"

Nilikosa jibu. Nilikumbuka Mwange, kule Mporokoso. Wengi wetu tulivuka kwenda Zambia Desemba 2000, wakati Pweto ilianguka mikononi mwa waasi. Wengine walipelekwa Kala, upande wa Kawambwa. Kambini tulipigwa picha mara ngapi, tumeshika sahani, tumeshika bidoni, na hakuna aliyetuuliza kwanza? Sisi tuliorudishwa na HCR kuanzia 2007 tunaijua ile haya. Ndugu zetu walioanza kurudi toka Mantapala mwisho wa 2021 wanaijua pia. Na sasa simu iko mkononi mwetu.

Jioni tulibishana sana. Baba mmoja alisema: bila picha, wanaotusaidia watafikiri tulikula makuta. Sikumcheka. Mimi ndiye ninashika kese, mimi ndiye nitaitwa mwizi. Lakini tulikubaliana hivi: ndani ya nyumba ya mtu hatupigi picha tena. Mifereji tutapiga, mifereji haina haya. Kwa vitu tunavyogawa kutakuwa daftari: wawili wa chama na mjumbe mmoja wa kartie asiye memba watatia sahihi, na kila mtu anaweza kuifungua. Marafiki wetu, tunawaomba muipokee daftari hiyo. Mkitaka sura ya mtu mwenye shida, tutawaambia hapana, kwa heshima.

Kuna neno lingine, na ba memba wengine hawatalipenda. Waliobaki wanatuita "ba Zambia", na sisi tunawaita watu waliokula mashamba yetu. Kesi za mashamba ziko kweli, ziende kwa chefu. Lakini kolera haiulizi nani alikimbia. Kisima ni kimoja.

Siku ya tano nilirudia kwa yule mama. Bila simu, bila mfuko, mikono mitupu. Alinipa kiti. Tuliongea juu ya mtoto wake mpaka jua likashuka, naye akaniletea maji, nikakunywa. Sabuni sikuitaja. Ingali kwangu, imeandikwa kwa daftari kama haijatolewa.

Jumamosi inayokuya salongo itaendelea upande wa soko, saa kumi na mbili asubuhi. Kila mtu abebe jembe lake, za chama ni mbili tu na moja imevunjika mpini. Wenye deni la likelemba musiondoke kwanza. Nitakaa hapa kwa meza na daftari.