MANENO YA KATIBU WA TAWI KUHUSU NAKISI YA BIASHARA NA BEI YA ALIZETI

Tunawatumia maneno yaliyosemwa kikaoni, kwa wale waliokuwa shambani.

Kikao kilichopita tulibishana sana: nchi inanunua nje bidhaa nyingi kuliko inazouza, basi tunapata hasara? Tukasema tuipasue hiyo hesabu kwa bidhaa, maana jumla yake inaficha mengi.

Kwenye dhahabu tunauza mno kuliko tunavyonunua. Petroli na dizeli zote zinatoka nje, hapo nakisi haina ubishi. Korosho za Mtwara na Lindi tuna ziada, lakini nyingi zinaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, na kazi ya kubangua inabaki huko. Mashine nazo ni nakisi, ila hiyo isitutishe. Hata mashine yetu ya kukamulia imetoka nje, na ndiyo inayotulisha.

Sasa tuje kwenye letu, mafuta ya kula. Nchi inaagiza mawese ya Malaysia na Indonesia kwa sababu alizeti yetu haitoshi. Wakati huohuo mashudu ya alizeti tunawauzia Wahindi. Yaani mbegu ni ileile moja: kwenye mashudu tuna ziada, kwenye mafuta tuna nakisi. Mzee mmoja alicheka kikaoni akasema ng'ombe wa watu wananenepa!

Ushuru ndipo penye mgogoro. Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 ili kumlinda mkulima. Ukipanda, mnunuzi wa alizeti anatufuata hadi shambani, lakini mama lishe analia bei ya lita. Ukishushwa, mama lishe anapumua na gunia letu linakosa mnunuzi. Wote wawili ni wanachama wa tawi hili, tusijifanye hatuwaoni.

Sisi viongozi tunaelekea kuomba ushuru usiguswe msimu wa mavuno, na mbegu bora zifike kabla ya mvua, kwani nakisi hii inatokana na mavuno haba kuliko kitu kingine. Mama lishe hawajatuambia lao bado.

Jumapili saa 9 alasiri tunapiga kura kabla ya kupeleka hoja kata. Njooni na kadi.