Eropleni Zilizogeuza Manowari

Leo nataka kuwaeleza jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hudhani ni hadithi ya sungura: namna eropleni zilizofungwa minyororo zilivyogeuza meli kubwa bandarini.

Tuanze nyumbani. Mkulima wa Butiama akitaka kugeuza gogo lililolala shambani hasukumi katikati. Husukuma nchani, nalo huzunguka. Wakiwa wawili, mmoja husukuma ncha hii kwenda huku, na mwenziwe ncha ile kwenda kule, ndipo gogo hugeuka upesi pale pale lilipo. Ushikeni mfano huo, maana ndio ufunguo wa habari yote.

Hata ziwa letu liliiona kanuni hii ikitenda kazi. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza kuleta barua mpaka Mwanza kwa eropleni zinazotua majini. Na tangu 1937 zikatua Kisumu nyingine kubwa zaidi, zenye injini nne, mbili kila bawa. Rubani akiwa juu ya maji, akitaka kugeuka kulia, aliongeza nguvu ya injini za kushoto. Bawa la kushoto likatangulia, na chombo chote kikafuata.

Basi sasa twende mbali. Katika vita vya Korea, miaka ya 1950 hadi 1953, Wamarekani walikuwa na manowari za kubeba eropleni, zenye urefu wa mita zaidi ya 260 na uzito wa tani zaidi ya 27,000. Ubavu wa meli kama hiyo hushika upepo kama tanga, kwa hiyo bandarini huhitaji kusaidiwa na meli ndogo zenye nguvu, ziitwazo tagi. Tagi zilipokuwa chache, au nahodha alipotaka kuwahi, zilitumiwa eropleni zake mwenyewe.

Zilipangwa sitahani, nyingine mbele na nyingine nyuma, zikafungwa imara. Za mbele zilielekezwa upande mmoja, za nyuma upande wa pili. Ishara ilipotolewa, injini zilinguruma na pangaboi zikasukuma hewa kwa nguvu. Kila eropleni ilitaka kwenda mbele, minyororo ikaizuia, basi ikaivuta meli. Omo ikaenda huku, tezi ikaenda kule, kama lile gogo la Butiama. Zote zikielekezwa upande mmoja, meli ilisogea ubavu mpaka gatini. Eropleni moja isingeweza neno, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini marubani hawakuifurahia kazi hiyo, nao walikuwa na sababu. Injini ya eropleni ya namna ile hupozwa na upepo inapopaa. Ikinguruma kwa nguvu huku imesimama, hupata joto kupita kiasi na kuchakaa. Na injini hiyo hiyo iliyogeuza meli ndiyo itakayompeleka mtu juu ya bahari na kumrudisha. Ikizimika huko, hana pa kukanyaga. Hivyo muda uliookolewa bandarini ungeweza kulipwa kwa roho ya mtu.

Enyi wavuvi wa Musoma na Bunda, neno hili lawahusu. Injini ya mtumbwi ikichoshwa ufukoni kwa kazi isiyo yake, haitalalamika siku ile. Italalamika usiku, katikati ya Nyanza, upepo unapovuma na mawimbi yanapoinuka. Chombo chaweza kufanya kazi nyingine wakati wa dharura. Lakini mwenye busara hukumbuka kwanza kazi ambayo maisha yake yanaitegemea.

Kwaherini, wasikilizaji, na wanafunzi jaribuni mfano wa gogo.