Marumaru na Njia ya Misafara

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Tabora)



Nimeombwa niseme habari za marumaru katika mji usiokuwa na marumaru. Majabali tuyaonayo hapa Unyanyembe ni itale, jiwe lililoyeyuka chini ya nchi likapoa zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Asili yake si bahari. Kwa hiyo sina budi kuwarudisha katika njia ile ya wapagazi wa Kinyamwezi, mpaka Bagamoyo.

Huko pwani, watu huchoma matumbawe tanurini hata yakawa chokaa ya kujengea na ya kutafunia tambuu. Katika kuchomwa, hewa iliyofungwa ndani ya jiwe hutoka, na linalobaki hugeuka unga. Basi swali ni hili: jiwe la chokaa likizama maili nyingi chini ya nchi, penye joto kali, mbona haliwi unga?

Mwanzoni mwa karne ya 19, Sir James Hall wa Scotland alilijibu kwa mitutu ya bunduki. Alitia unga wa chaki ndani ya mtutu, akauziba barabara, akautia motoni. Mitutu mingine ilipasuka, nasi twaweza kuwahurumia majirani zake. Lakini katika ile iliyostahimili, hewa haikupata njia ya kutokea, na chaki ikatoka imeshikamana, chembe zake zikimetameta kama marumaru.

Ndivyo ilivyokuwa Uluguru, karibu na Morogoro, ila mtutu ulikuwa milima yenyewe. Palikuwa na bahari, na tope jeupe la chokaa likatua chini yake. Wala msidhani lilikuwa la makombe; wanyama wenye makombe walikuwa hawajatokea duniani. Chokaa ile ilijitenga na maji, pengine kwa kazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kisha, yapata miaka milioni 640 iliyopita, nchi kubwa ziligongana, tope likafukiwa, likabanwa, likapikwa.

Ninyi makarani mwajua faili iliyonakiliwa upya na mwandishi mwenye haraka: mengine hupotea, mengine husalia. Alama za mawimbi zimefutika. Udongo uliochanganyika na chokaa umegeuka ulanga, na huko Matombo umekuwa hata yakuti nyekundu. Mabaki ya viumbe yamekuwa grafiti, ile ile iliyomo katika kalamu ya risasi. Tena bahari ya kila zama ilikuwa na uwiano wake wa namna mbili za strontiamu. Jiwe lisipoharibiwa sana huushika uwiano huo, na wataalamu wakiupima hukisia tope lilitua lini.

Nawaomba mliangalie jambo hili kazini. Mtu akileta jiwe jeupe la kilimani kwake, msiandike “marumaru” kwa weupe wake tu. Neno moja katika daftari laweza kumpa mtu thamani ya kilima chake, au kumnyima. Likwangueni kwa msumari: kwatzi haikwanguliki, marumaru hutoa unga. Unga huo mtieni siki au maji ya ndimu. Ukitoa povu, ni jamii ya chokaa. Tena livunjeni mtazame: chembe za marumaru hung’aa kama sukari, bali jiwe la chokaa lisilopikwa huwa limefifia.

Na jiwe hilo lisilopikwa halitafutwi mbali. Fuateni misafara upande wa pili, kupita Uvinza penye chemchemi za chumvi, mkashuke na Malagarasi hadi Ilagala, karibu na Ziwa Tanganyika. Huko lipo jiwe la chokaa la kale mno, ambalo halikugongwa wala kuzamishwa kama lile la Uluguru. Matabaka yake yangali yamelala juu ya mengine, jinsi yalivyotua majini.