Shamba Lililorudi Kuwa Msitu



Tumetakiwa kusema juu ya ardhi, nasi tumechagua habari ya shamba moja la Brazil, kwa kuwa yaliyolipata yafanana mno na tuyaonayo kila tuendapo kwetu likizoni: udongo umechukuliwa na mvua, na chemchemi tulizochota utotoni zimekauka.

Shamba hilo laitwa Bulcão, karibu na mji wa Aimorés. Lilikuwa la wazazi wa Sebastião Salgado, mpiga picha mashuhuri, aliyezaliwa mwaka 1944. Alipokuwa mtoto msitu ulikuwa mwingi. Baadaye miti ikakatwa, ng'ombe wakalishwa vilimani mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyekusudia uovu. Watu walitafuta riziki. Salgado aliporejea katika miaka ya 1990, moyo umemchoka kwa mauaji aliyoyaona Rwanda mwaka 1994, alikuta vilima vitupu.

Shauri la kupanda msitu lilitoka kwa mkewe, Lélia. (Tuliandike hilo, mabwana, maana katika mikutano yetu mabibi huketi nyuma.) Mwaka 1998 walianzisha Instituto Terra, na ardhi ya jamaa, zaidi ya hekta 600, ikawekwa kwa sheria kuwa hifadhi, isirudi tena kuwa malisho. Upandaji ulianza mwaka 1999, na miche mingi ikafa. Hawakuacha. Wakajenga kitalu chao, wakapanda miti ya asili ya nchi ile, ya namna nyingi, wala si ya namna moja ya kuuzwa mbao. Imekwisha pandwa zaidi ya milioni 2. Maji yametoka tena, na ndege wamerudi. Salgado alifariki Mei 2025, na kazi yaendelea. Wakulima majirani nao husaidiwa kuzungushia ua chemchemi zao, ng'ombe wasizikanyage.

Sisi hatuna hekta 600. Tuna vipande vya urithi, ndugu watano na mpaka mmoja wa kugombania. Twaomba kila mwanachama, aendapo kwao Desemba, aketi na nduguze, waiachie chemchemi hatua ishirini kila upande, pasilimwe wala pasilishwe. Twajua si jambo jepesi: hatua ishirini ni magunia ya mahindi, na ndugu mwenye watoto wengi atakasirika, tena kwa haki. Kwa hiyo twataka gharama ya waya na nguzo ijadiliwe alasiri hii, kabla ya hesabu za mwaka kufungwa.